Anwani za Penseli

Mimi ni dereva wa ambulansi, na sipendi watu wanaozungusha maneno, kwa hiyo naanza wazi: Bi Penseli walimgeuka. Sisemi kwamba palitokea "kutoelewana kwa kiutendaji" kama walivyoandika kwenye ile barua yao ya kurasa mbili. Walimgeuka mchana kweupe, na aliyemgeuka ni mtu aliyekuwa akimwita mama.

Bi Penseli ni karani wa masjala ya hospitali yetu, kile chumba cha kadi za wagonjwa. Ukiingia mlango mkubwa unapita mapokezi, unapita benchi la watu wanaosubiri majibu ya maabara, unashuka ngazi tano, ndipo unamkuta. Rafu za chuma zimefika darini, feni inapiga kelele kuliko inavyopuliza, na yeye yuko katikati, mwanamke mfupi mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Akiwa na haraka huwa anautafuta wa tatu.

Miaka ishirini na tatu yuko chumba hicho hicho. Mumewe alifariki mapema, akabaki na binti mmoja, akamlea peke yake. Jioni akitoka shule yule mtoto alikuwa anakuja kufanya hesabu zake kwenye kona ya meza ya mama, kadi huku, madaftari kule. Wafanyakazi wa zamani wote tumemwona akikua. Mimi ananiita mjomba mpaka leo, ingawa hatuna hata tone la damu moja.

Jina la Bi Penseli alipewa na wauguzi. Masjala yetu ilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote: kadi ya mgonjwa ilikuwa na anwani ya wino, na mara moja moja, chini yake, anwani ya penseli. Ya wino ni ile mtu anayoitaja dirishani watu wote wakisikia. Ya penseli ni mahali anapolala kweli. Kijana aliyefukuzwa kwao na hataki wajue anatumia dawa gani, mwanamke aliyekimbia kipigo, mtu aliyejificha kwa sababu zake. Hao walikuwa wanashuka zile ngazi tano, wanainama, wanamnong'oneza Bi, naye anaandika kwa penseli, herufi ndogo ndogo. Anwani ya penseli haisomwi kwa sauti, haitumiwi barua, haipewi ndugu hata akilia machozi ya damu. Anaijua Bi na muuguzi anayetakiwa kwenda, basi. Mtu akishakuwa salama anarudi kusema, na Bi anachukua kifutio.

Nimewahi kumuuliza, "Bi, kwani huwa unawakumbuka wote?"

"Wewe endesha gari lako," akanijibu. "Ukijua ngapi ninazo kichwani utaacha kulala."

Sasa nisiwe mnafiki. Ule mradi wa kuunganisha anwani ulihitajika, tena sana, na mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele kuliko wote. Hospitali nzima kila idara ilikuwa na orodha yake. Mapokezi wana yao, kliniki ya mama na mtoto wana yao, maabara wana yao, duka la dawa wana yao, na mimi nina daftari langu lililolowa oili. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Mgonjwa mmoja anakaa nyumba nne! Kuna mwalimu mstaafu alianguka ghafla, upande mmoja wa mwili ukafa. Mapokezi wakanielekeza nyuma ya duka la mbao. Nafika, nakuta wapangaji wengine, mwalimu alihama miaka sita iliyopita. Maabara walikuwa wanajua, maana walimpelekea majibu yake nyumba mpya, lakini nani angewauliza maabara? Nilizunguka dakika arobaini na tano nikipiga honi kama mwehu. Alipona, ila mguu wake wa kushoto hadi leo anauburuta. Siku hiyo nilirudi nikamwambia mganga mkuu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Kwa hiyo walipotuletea Mtaalamu, mimi nilishangilia. Mtaalamu tulikuwa tunamfahamu. Miaka kumi na moja nyuma alifanya mafunzo yake ya kazi pale masjala. Bi ndiye aliyemfundisha kusoma mwandiko wa madaktari, Bi ndiye aliyemwandikia barua ya kumsifu alipokwenda kuomba chuo. Amekula kwake, amelala kwake mvua ilipomzuia. Sasa amerudi mwanamume mzima, viatu vinang'aa, cheo chake Mkuu wa Mfumo wa Anwani. Siku ya kwanza alishuka ngazi moja kwa moja, akamkumbatia. "Mama, bila wewe kazi hii siiwezi." Bi akavua miwani akaifuta, na mimi nilijua kwamba si vumbi.

Na kweli bila Bi asingeiweza. Kadi elfu thelathini na moja! Walizileta idara zote juu ya meza moja. Majina mawili yanayofanana, ni watu wawili au mmoja? Bi anatazama, anasema, "Huyu ni yule yule, hapa alikuwa hajaolewa." Sheria waliyojiwekea ilikuwa hii: anwani zikigongana, iliyo mpya ndiyo inayobaki, na idara zote zinaiona hiyo hiyo. Kisha ikaja kazi ya ramani. Mitaa yetu mingi haina majina wala nyumba hazina namba, watu wanaelekezana kwa geti na mnazi na mahali palipokuwa na kinyozi. Nikawa nawaendesha. Mtaalamu ananyanyua simu yake mbele ya kila geti, inaweka kitone, na Bi kutoka kiti cha nyuma anasahihisha: "Si hili, ni lile la bati. Hili ni la kaka yake, hawasemeshani." Tulicheka sana miezi ile. Nasema tu ukweli, tulicheka.

Tulipofika kwenye kadi za penseli, Bi akaweka kalamu chini.

"Hizi haziingii."

"Mama, zisipoingia, ambulansi itawapataje wakizidiwa?" Mtaalamu akamuuliza kwa upole, na akanitazama mimi. Nami, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa kukubali.

Wakabishana siku tatu. Mwishowe wakaafikiana hivi. Zile anwani mia mbili na saba zitaingia, lakini zitafungwa. Mapokezi hawazioni, maabara hawazioni. Kwangu kitone kitatokea pale tu mtu wa nyumba hiyo anapoomba gari. Na kufungua kunahitaji namba mbili za siri kwa pamoja, ya Mtaalamu na ya Bi. Sharti la namba mbili alilitoa Bi mwenyewe. Mtaalamu akaapa, mkono kifuani, "Mama, hizi nitazilinda kama macho yangu." Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika chupa ya maji, nakumbuka hata hiyo.

Kati ya zile mia mbili na saba, moja ilikuwa ya binti yake.

Mwanzoni habari hiyo tuliijua mimi na Bi tu. Binti aliolewa na mwanamume mmoja mpole wa mdomo, anayekuamkia kwa mikono miwili. Ndani ya nyumba alikuwa mtu mwingine kabisa. Safari ya mwisho alimkaba binti mbele ya mtoto wao wa miaka minne. Binti akaondoka na mtoto na begi moja. Kwa mama yake asingeweza kukaa, maana huko ndiko mume angefika kwanza, na alifika, mara tatu, na zawadi mkononi. Kwa hiyo alipanga chumba uani, upande wa pili wa mji, na mahali hapo alimwambia mama yake peke yake. Bi aliiandika kwa penseli kwenye kadi ya chanjo ya mjukuu, ili muuguzi aweze kwenda. Miezi minane mtoto alikuwa anacheza nje bila kushtuka akisikia mlango. Hicho ndicho kilichokuwa ndani ya ule mstari mmoja, na Mtaalamu alikijua, kwa sababu Bi alimwambia. Alimwambia ili aelewe.

Basi. Wakubwa kutoka makao makuu wakatangaza kuja kuona mfumo. Siku moja kabla, Bi alikuwa likizo, amelala nyumbani, ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho, kitambaa usoni. Mtaalamu akampigia simu. Haya nimeyasikia kwa Bi mwenyewe, neno kwa neno.

"Mama, pole na jicho. Nisaidie namba yako, kuna kajikazi kadogo nakamalizia kabla wageni hawajafika."

"Kazi gani?"

"Mambo ya kawaida tu ya mfumo, mama. Wewe pumzika."

Akampa. Ndiyo, akampa! Mngekuwa nyinyi msingempa? Mtu uliyemvulia nguo akavaa, ukamtandikia akalala, anakupigia uko gizani na kitambaa machoni, anakuita mama. Alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na yule mama wa watu akageuza shavu.

Kajikazi kenyewe kalikuwa hivi. Kwenye ile ramani kubwa ya ukutani, nyumba zilizokamilika zilikuwa za kijani na zilizofungwa zilionekana kama mashimo meusi. Mashimo mia mbili na saba. Mtaalamu alitaka wageni waone kijani tupu, aseme asilimia mia. Akazifungua zote. Alikusudia kuzifunga wageni wakishaondoka, na ninaamini hivyo, sikusudii kumsingizia. Lakini wageni walipenda, wakapiga picha, wakamwalika makao makuu akawafundishe wengine, akapanda ndege na kijani chake. Zile anwani zikabaki wazi siku tisa.

Siku ya sita mkwe alikuja dirishani mapokezi. Amevaa shati la pasi, ana kadi ya chanjo ya zamani mkononi. "Dada yangu, naomba unihakikishie, kadi ya mwanangu ina anwani sahihi? Nisije nikapitwa na tarehe ya chanjo." Jina lake limo kwenye kadi, baba wa mtoto. Dada wa mapokezi akabonyeza, akaona, akamchapia karatasi. Mfumo mpya ulikuwa unachapa na kijiramani chini, mistari ya njia na kitone mwishoni. Akamkabidhi kwa tabasamu. Simlaumu yule dada. Hakuna aliyemwambia kitu.

Kesho yake saa nne asubuhi nikapata mwito. Jirani amepiga, mwanamke ameumizwa. Kwenye kioo changu cha ramani garini kitone kikawaka, njia ikajichora. Nilikata kona sita bila kusimama wala kumuuliza mtu. Dakika saba! Na niseme aibu yangu: njiani nilikuwa najisifu. Nilikuwa nawaza yule mwalimu wa mguu, nawaza, ona sasa, hivi ndivyo kazi inavyotakiwa kuwa. Nilikuwa sijawahi kufika mtaa ule. Bi hakuwahi kunitajia mtaa. Nikaingia uani na machela, nikamwona.

Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye tenki la maji. Mkono umevunjika juu ya kiwiko, taya limevimba. Mtoto alikuwa kwa jirani, mzima, ametoa macho tu, hasemi. Karatasi ya hospitali yetu ilikuwa imelala karibu na kizingiti, nembo juu, kijiramani chini. Niliikanyaga kabla sijaiona.

"Mjomba," akaniambia, maneno yanapita pembeni ya mdomo, "alikuwa nayo mkononi. Alinionyesha. Aliniambia, hospitali yenu imenileta."

Nililia nikiendesha. Nina miaka hamsini na mbili, na nililia mtaani na king'ora kinalia juu yangu.

Bi alikuwa amerudi kazini siku hiyo hiyo. Alipanda zile ngazi akikimbia, hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alipofika wodini, binti alikuwa ameshafungwa mkono, na matroni alikuwa amesimama na kompyuta ndogo, ameipekua. Binti ndiye aliyemwomba aangalie.

"Nani alifungua?" binti akauliza.

Matroni akamsomea. "Zimeandikwa namba mbili. Mkuu wa Mfumo. Na Karani wa Masjala."

"Mwanangu, si mimi," Bi akasema. "Wallahi si mimi niliyefungua."

"Namba ni yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Ulimpa mtu?"

Bi akasema, "Nilimpa. Aliniomba, nikampa. Sikujua ni ya nini."

Binti hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Mama, nilikuambia wewe peke yako. Dunia nzima, wewe peke yako."

Akageuza uso ukutani. Bi alinyoosha mkono amguse bega, na binti akalisogeza bega lile, kidogo tu. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika kofia. Nimebeba maiti, nimezalisha wanawake kwenye gari, na sijaona kitu kilichoniuma kama bega lile.

Mtaalamu alirudi kutoka makao makuu, wakaitisha kikao. Niliitwa kama shahidi wa mwito. Bi hakutaka mengi. Hakuomba afukuzwe mtu, wala hakuomba radhi ya hospitali. Alitaka neno moja tu kutoka kwa yule bwana, mbele ya watu, ili akambebee binti yake.

"Mwanangu," akamwambia, "sema tu ulinipigia simu."

Mtaalamu alikuwa anatazama karatasi zake. Akasema, macho makavu, "Karani wa Masjala, mimi sikumbuki kuomba namba ya mtu. Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha idhini mbili zilitolewa kwa utaratibu."

Karani wa Masjala! Miaka kumi na moja ya mama, mama, mama, leo Karani wa Masjala. Nikasimama nikamwambia, "We bwana, huna haya?" Mwenyekiti akaniambia nikae. Nikamwambia sikai. Wakanitoa nje, na kwa dirisha nilimwona Bi amekaa wima, mikono mapajani, anamtazama yule mtu usoni. Hakumtukana wala hakulia. Alikuwa anamtazama tu, kama vile amekosea chumba. Nadhani mpaka dakika ile alikuwa bado anaamini kwamba yule bwana atasema.

Kilichofuata ni ile barua ya kurasa mbili. Bi alipewa onyo kwa kutoa namba ya siri, akaondolewa kwenye mfumo. Mtaalamu alihamia makao makuu, kwa cheo. Zile anwani zimefungwa tena, na wanawake wanne wamehama tangu hapo, wala hakuna anayeshuka ngazi tano kunong'ona chochote. Mkwe alikamatwa siku ya tatu, akaachiwa kwa dhamana ya ndugu yake. Yuko mtaani anasubiri kesi, shati lake la pasi mwilini.

Kwa hiyo binti ilimbidi ahame tena. Siku aliyotoka wodini mimi ndiye niliyempeleka, yeye na mtoto na begi. Alikaa mbele. Tulipotoka getini akaonyesha kioo cha ramani. "Zima hicho, mjomba." Nikazima. Tukaenda mbali, nisiseme kiasi gani. Alipokuwa anashuka akaniambia, "Nimekuamini kwa sababu sina mwingine. Mama asijue."

"Mama yako atakufa kwa uchungu," nikamwambia.

"Najua. Asijue."

Mtoto alinipungia mkono kwa dirisha la nyumba ngeni.

Kesho yake asubuhi nimefungua boneti naangalia maji, nikamwona Bi amesimama kando ya gari. Alikuwa hajalala, ilionekana. Yule mwanamke alikuwa na mji mzima kichwani, anajua kila geti na kila uani, nani kahama lini na kwa nini. Akanishika mkono wa shati.

"Mdogo wangu. Umempeleka wapi?"

Nikafunga boneti taratibu ili nipate muda. "Alishuka stendi, Bi. Sijui alikoelekea."

Miaka kumi na tisa tumefanya kazi pamoja. Anajua nikidanganya, nakuna sikio, na nilikuwa nalikuna. Akalitazama lile sikio, na nikajua akiniuliza mara ya pili nitasema. Ningesema, naapa. Nilikuwa nimeshafungua kinywa.

Akanifunika kinywa kwa kiganja chake.

"Vizuri," akasema. "Na nikikuuliza tena, nijibu hivyo hivyo."

Sasa ananiuliza kila Ijumaa, nikiwa naosha gari. Namjibu hivyo hivyo. Anatikisa kichwa, anasema asante, halafu anashuka ngazi kwenda kazini.